Kumtoa msanii kwenye majibu aliyoyakariri

Albamu ikitoka, au filamu ikikaribia kuonyeshwa, msanii huketishwa kwenye chumba kimoja na wahojaji huingia mmoja baada ya mwingine tangu asubuhi. Kila mmoja hupewa dakika tano, nane akibahatika. Kufikia mchana aliyeketi pale keshaulizwa mara nyingi alianzaje sanaa, nani anamvutia na ana ujumbe gani kwa mashabiki, tena kwa maneno yaleyale. Majibu yake yamepigwa pasi na kukunjwa. Anayatoa bila kufikiri. Mahojiano mengi ya burudani yanachosha kwa sababu hiyo tu: mhojaji ameomba kitu ambacho kilikuwa hadharani tayari, na amepewa.

Jibu lililokaririwa lina dalili zake. Linaanza kabla swali halijaisha. Halina kusita. Kicheko kinaangukia palepale kila mara, na sentensi ya mwisho imekaa kama kichwa cha habari. Sikiliza mahojiano matatu ya mtu mmoja mfululizo, utakuta vipande vizima vinajirudia neno kwa neno. Jibu linalozaliwa papo hapo lina kasoro: anaanza sentensi na kuiacha, anaangalia pembeni, anajisahihisha mwaka au jina. Karibu kila uamuzi katika kazi hii, kuanzia mahali pa kuweka kiti hadi swali litakalotangulia, unalenga kumfikisha hapo.

Kinachokula muda ni maandalizi. Kwa mahojiano ya saa moja, tenga saa sita hadi nane za kusikiliza, kutazama na kusoma. Usianze na wasifu wake wa mtandaoni. Kosa moja la wasifu hunakiliwa kutoka tovuti hadi tovuti mpaka likaonekana kweli, na mgeni akiulizwa juu ya jambo ambalo halikutokea, hufunga mdomo kwa dakika kumi zinazofuata. Anza na kazi zenyewe kwa mpangilio zilivyotoka. Kisha tafuta mahojiano yake matano: ya zamani kuliko yote yanayopatikana, marefu kuliko yote, ya karibuni kabisa, yaliyofanywa na chombo kidogo ambako aliongea kwa uhuru, na yaliyofanyika wakati hana kitu anachouza. Hayo ya mwisho ndiyo yenye mali nyingi.

Gawa karatasi safu mbili. Kushoto andika hadithi alizokwisha kusimulia; kulia andika mahali kila hadithi inapokatikia. Hapo inapokatikia ndipo swali lako linapoanzia. Kama amesema mara chungu nzima kwamba wimbo fulani uliandikwa usiku mmoja, usimrudishe kwenye usiku huo. Mwambie: "Umeshaeleza kwamba wimbo huu uliandikwa usiku mmoja. Kati ya usiku ule na rekodi tunayoisikia, nini kilibadilika?" Sentensi ya kwanza inamwonyesha kwamba umesoma, na wakati huohuo inamnyang'anya jibu la zamani. Ya pili inampeleka asikozoea kwenda.

Soma pia majina ya walioshiriki. Nani alitengeneza mdundo, nani aliandika ubeti wa pili, nani alihariri filamu, na nani alikuwepo kwenye kazi tatu za mwanzo akatoweka kwenye ya nne. Kwa mtengeneza maudhui, tafuta video yake ya mwanzo kabisa ambayo bado ipo, uilinganishe na ya juzi: urefu, mwanga, sauti, na sekunde ngapi zinapita kabla hajafungua mdomo. Sean Evans, anayewahoji watu maarufu tangu 2015 kwenye kipindi cha Hot Ones huku wakila mabawa kumi ya kuku yenye pilipili inayozidi kupanda, amejijengea jina kwa uchimbaji wa namna hii. Wageni humkatiza kumuuliza amejuaje. Pilipili inawalegeza, ni kweli, lakini bila swali lililochimbwa kipindi kingekuwa ni watu wanaotokwa jasho tu.

Kabla ya kumfikia msanii utapita kwa meneja au afisa wake wa habari, na mambo mengi huharibikia kwao. Yote yaandikwe, hata kama mmekubaliana kwa simu: dakika ngapi, nani watakuwa chumbani, sauti peke yake au na picha, yatatoka lini na wapi. Wakiomba maswali, wape maeneo, kwa mfano "tofauti ya sauti kati ya albamu mbili za mwisho" au "namna anavyofanya kazi na bendi". Ukituma maswali kamili, majibu yataandikwa na mtu mwingine na mgeni atakuja kuyasoma kichwani. Wakitaja mambo yasiyoguswa, wabane mpaka yaeleweke. "Mambo binafsi" ni kauli pana mno. Je, ni ndoa, watoto, au kesi iliyoko mahakamani? Na kama kilichokatazwa ndicho kitu pekee ambacho kila mtu anataka kukisikia, kataa mahojiano. Kuzunguka shimo ambalo wote mnaliona ni aibu kwa pande zote mbili. Ukikubali sharti, lishike, na likiwa zito waambie wasomaji kwamba lilikuwepo.

Neno moja kuhusu muziki, maana hapa wengi huumia. Kumweka mwimbaji mbele ya kamera yako hakukupi ruhusa ya kupiga wimbo wake. Wimbo uliorekodiwa una haki mbili, ya utunzi na ya rekodi yenyewe, na mara nyingi wenye haki hizo ni watu tofauti, lebo ikiwa mmojawapo. Sekunde chache za wimbo unaolia kwenye spika ya nyuma zinatosha kuifanya video izuiwe, au mapato yake yaende kwa mwenye haki. Zima muziki wote chumbani. Hata kama haki zingekuwa zako, muziki wa nyuma hukunyima nafasi ya kuhariri: ukikata neno moja, wimbo unaruka na kila msikilizaji anasikia.

Chumba kizuri ni kidogo na kina vitambaa: pazia, zulia, makochi. Kuta tupu na sakafu ya vigae huleta mwangwi ambao programu za kusafisha sauti huupunguza kwa gharama ya kuifanya sauti ya mtu iwe kama inatoka kwenye bati. Kaa kimya dakika moja, masikio wazi, usikilize kiyoyozi, feni, friji, lifti. Ukizima friji, acha funguo zako ndani yake. Utakumbuka kuiwasha unapozitafuta. Viti vikae kwenye pembe, karibu nyuzi 90. Watu wakitazamana uso kwa uso juu ya meza, mazungumzo hugeuka usaili wa kazi, na mgeni hana pa kupumzisha macho anapofikiri. Meneja aketi nyuma ya mgeni. Akikaa mahali wanapoonana, kila jibu litapitia kwenye uso wake kwanza.

Maikrofoni ya mezani iwe sentimita 10 hadi 15 kutoka mdomoni, ikiwa imeinamishwa kidogo pembeni ili pumzi za herufi p na b zisiigonge moja kwa moja. Ile ya kubana kwenye nguo ikae sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu. Wasanii huvaa mikufu, na mkufu unaogonga maikrofoni hauondoki kwenye uhariri. Mwombe auvue au auhamishe kabla hamjaanza, kwa adabu, ukimweleza sababu. Kitambaa cha hariri na koti la ngozi navyo husugua. Kama nguo ni ya kelele, tumia maikrofoni ya mezani na usiwe mkaidi.

Rekodi faili la WAV, yaani sauti isiyobanwa, kilohezi 48, biti 24. Kila maikrofoni moja itakula karibu megabaiti 520 kwa saa, kwa hiyo hakuna sababu ya kubana nafasi kwa kutumia MP3. Kiwango cha sauti kiweke ili maneno ya kawaida yafike juu kwenye desibeli -18 hadi -12; sifuri ndipo sauti hupasuka. Wahojaji wa wanasiasa wanaweza kusogea juu zaidi. Wewe usithubutu, kwa sababu mchekeshaji ataangua kicheko na mwimbaji ataimba kipande bila kukuonya, na sauti hupanda desibeli 10 au zaidi kwa ghafla. Sauti iliyopasuka haiponi. Vinasa vinavyorekodi biti 32 za aina ya "float" vinasamehe hapo, ila havisamehi maikrofoni yenyewe ikizidiwa. Unapopima kiwango, usimwombe ahesabu moja mbili tatu, maana watu huhesabu kwa sauti ya chini kuliko wanavyoongea. Mwombe akueleze ratiba yake ya siku.

Kinasa cha pili, hata simu iliyowekwa kwenye hali ya ndege, kiwe kinaendelea mezani muda wote. Betri mpya, kadi iliyofutwa, hedifoni masikioni mwa mtu mmoja angalau. Makosa yanayoua mahojiano kabisa ni matatu na hayana uhusiano na kipaji: kitufe cha kurekodi kilichobonyezwa mara moja badala ya mbili (kwenye vinasa vingine bonyezo la kwanza huweka tayari tu), kadi iliyojaa, na waya uliolegea ambao ungesikika kama mtu angevaa hedifoni. Mkimaliza, rekodi sekunde 30 za ukimya wa chumba kile. Bila hizo, kila mahali ulipokata pataonekana kama shimo.

Mkiwa mbali na mnaongea kwa intaneti, kila mmoja ajirekodi upande wake kisha akutumie faili. Sauti ya simu ya video iwe ya akiba. Wote wavae hedifoni, la sivyo sauti yako itaingia kwenye maikrofoni yake na hutaweza kuitenganisha. Pigeni makofi mara moja mwanzoni na mara moja mwishoni, yawe alama za kuoanisha faili, kwa sababu saa za vifaa viwili haziendi sawa kabisa, na baada ya saa moja midomo na maneno huanza kuachana. Na usimruhusu afunge ukurasa kabla faili halijapanda lote. Wasanii huwa na haraka ya kuondoka, na hapo ndipo rekodi nyingi zimepotelea.

Sasa maswali. Swali zuri kwa msanii ni fupi na ni moja. Ukivuka maneno 20 umeanza kuhutubia. Ukiuliza mawili kwa mpigo, atachagua jepesi, na zito mtalisahau wote. Ukiweka jibu ndani ya swali, "bila shaka ilikuwa ngumu sana", utarudishiwa lilelile: ndiyo, ilikuwa ngumu sana. "Ulijisikiaje" huzaa furaha na shukrani, karibu bila kukosa. Hisia huja zenyewe pale mtu anapoulizwa juu ya kitu alichokifanya kwa mikono yake.

Basi uliza kazi. Kwa mwimbaji: mstari gani uliandikwa kwanza? Kibwagizo kilitangulia beti au kilifuata? Sauti iliyobaki kwenye rekodi ilikuwa jaribio la ngapi, na nani alisema inatosha? Kwa mchekeshaji: kichekesho hiki kilikuwa na urefu gani mara ya kwanza jukwaani, na neno gani lilipoondolewa ndipo watu wakaanza kucheka? Filamu nyingi hazipigwi kwa mpangilio wa hadithi, kwa hiyo mwigizaji muulize siku ya kwanza walipiga onyesho lipi; wapo walioanza na mwisho, na namna walivyoucheza mwisho wa mtu ambaye hawajamjua bado ni hadithi isiyopatikana kwenye tangazo la filamu. Mtengeneza maudhui muulize sekunde tatu za kwanza huandikwa lini, na video gani iliyokamilika hakuiweka hadharani. Swali hilo la kazi iliyotupwa linafaa kwa msanii wa aina yoyote. Ni nadra kuulizwa, kwa hiyo hana jibu lililokunjwa, na akilijibu analazimika kueleza kipimo anachotumia kusema hili linafaa, hili halifai.

Weka kando maswali yenye neno "zaidi". Wimbo unaoupenda zaidi, msanii unayemkubali zaidi: hapo anaacha kufikiri juu ya muziki na kuanza kupima nani atanuna. "Wimbo upi unaukwepa ukiwa jukwaani?" lina jibu moja na lina sababu, na sababu ndiyo unayoitaka. Vivyo hivyo bifu na kiki: ukiuliza "mna ugomvi?" utapata "hapana, ni ndugu yangu". Uliza ile kolabo iliyotangazwa ilifikia hatua gani kabla ya kusimama.

Kitu cha kushika mkononi husaidia kuliko ujanja wa maneno. Kipindi cha redio cha BBC, Desert Island Discs, kiko hewani tangu 1942 kwa wazo moja tu: mgeni achague rekodi nane ambazo angeenda nazo kwenye kisiwa kisicho na watu, pamoja na kitabu na kitu kimoja cha anasa. Anadhani anaeleza rekodi, kumbe anaeleza baba yake, chumba alichopanga, mtu aliyemwacha. Unaweza kufanya kidogo kama hivyo kwa daftari la mashairi, picha ya onyesho la zamani, au toleo la mwanzo la wimbo. Mwombe meneja aje nacho, na ukiweke mezani katikati ya mahojiano, sio mwanzoni.

Akimaliza kujibu, nyamaza. Hesabu hadi nne kimoyomoyo, macho yakiwa kwake. Inatisha, hasa mbele ya mtu maarufu, na ndiyo maana wahojaji wengi hukimbilia swali linalofuata. Mgeni naye hapendi ukimya na mara nyingi ataujaza kwa sentensi ambayo hakuipanga. Usiseme "ndiyo", "eeh", "kweli kabisa" juu ya maneno yake, itikia kwa kichwa. Sauti zako hizo zitakuwa zimeshikana na zake utakapotaka kukata. Akisema jambo kwa jumla, neno la kumrudisha ni "kwa mfano?" na halihitaji mapambo. Karatasi ya maswali iwe na maneno machache tu, kwa sababu mhojaji anayesoma swali la tano hakusikia kwamba la nne lilifungua mlango.

Swali gumu liweke baada ya theluthi mbili ya muda. Mwanzoni hujapata haki ya kuliuliza. Dakika ya mwisho anaweza kusimama tu na kusema muda umekwisha. Lianze na jambo lililothibitishwa, lenye tarehe, na ulibebe kwa jina lako. "Watu wanasema" ni kujificha, na msanii mzoefu atakujibu "watu gani?" na hapo utakuwa umekwisha. Mwaka 2015 mwigizaji Robert Downey Jr. aliondoka katikati ya mahojiano na Channel 4 News ya Uingereza baada ya kuulizwa juu ya maisha yake ya zamani, wakati alikuja kutangaza filamu. Unaweza kutetea haki ya mwandishi kuuliza hilo, nami naitetea, lakini dakika chache za kutangaza filamu hazitoshi kujenga njia ya kufika huko. Swali la namna hiyo linahitaji muda, au barua kabla.

Kwenye zile dakika tano nilizotaja mwanzoni, hesabu ni ndogo: jibu moja huchukua sekunde 40 hadi 60, kwa hiyo una maswali manne, labda matano. Tangulia na lile bora. Salamu na pongezi za filamu zimalizike kamera ikiwa bado haijawashwa, na usimsifie kwa zaidi ya sentensi moja. Sifa inaomba asante, na asante inakula sekunde.

Ukizima kinasa, mara nyingi ndipo maneno matamu huanza. Mwambie mapema kwamba utakizima mwisho kabisa, mkiwa mmesimama, ili ajue bado anarekodiwa. Akitoa jambo zuri baada ya kuzima, usilitumie kimyakimya. Washa tena, mwombe alirudie, na ukubali kwamba mara ya pili litakuwa limepungua chumvi.

Kunakili kwa mkono saa moja ya mazungumzo huchukua karibu saa nne. Programu hufanya haraka, ila hukosea majina ya watu, ya nyimbo na lugha ya mtaani, yaani vilevile vitu ambavyo mashabiki watavikagua kwanza. Kwa podikasti, sauti ya mwisho iwe karibu LUFS -16 (kipimo cha ukubwa wa sauti kwa jumla), kilele kisizidi desibeli -1, ili msikilizaji asilazimike kupandisha na kushusha simu kati yako na mgeni.

Katika kukata, kusita na kujirudia vinaweza kuondoka. Jibu la swali moja kulihamishia chini ya swali jingine ni uongo, hata kama linapendeza zaidi hapo. Mgeni akiomba kuona kabla haijatoka, mpe nafasi ya kuthibitisha majina, miaka na nukuu zenye utata; ruhusa ya kufuta asichokipenda ni kitu kingine. Yapo mahojiano yanayofanywa kwa makubaliano tofauti. Jarida la fasihi la Paris Review, lililoanza 1953, huwaacha waandishi wapitie na kurekebisha majibu yao, na linasema hivyo waziwazi. Kinachoharibu ni kufanya hivyo kwa siri.

Klipu fupi ya mtandaoni inataka ulinzi wa pekee, kwa sababu wengi wataona hiyo tu. Acha swali lisikike ndani yake, au liandike juu ya picha. Weka maandishi ya maneno yote, maana watu wengi hutazama bila sauti, na mtu mwingine ayasome kabla hayajapanda. Usikatie kabla ya "lakini". Na ukigundua baadaye kwamba klipu imepotosha maana, kurekebisha mahojiano marefu peke yake hakusaidii: ondoa klipu, weka nyingine yenye sekunde zilizokosekana, na useme pale juu kwamba ya kwanza ilikatwa vibaya.